Bima ya Miezi Mitatu na Ngiri ya Miaka Tisa

Haya ninayoyaandika ni ya aibu, na mke wangu amenikataza nisiyaandike, lakini kwa kuwa nusu ya Uru tayari wanayajua na nusu nyingine wameyasikia yakiwa yametiwa chumvi (wapo wanaosema nilivua suruali kwenye dirisha la hospitali, uongo mtupu, sikuvua, nilifungua mkanda tu), nimeona bora niyaseme mwenyewe kwa mwandiko wangu huu wa darasa la nne, ili anayetaka kucheka acheke kwa habari kamili.

Nilikuwa na ngiri. Hospitali wanaiita henia, jina la heshima kidogo, lakini kitu ni kile kile, uvimbe kwenye kinena unaotoka ukikohoa na kurudi ndani ukilala chali. Nimekaa nayo miaka tisa. Aliyejua ni mke wangu peke yake, mama Evarist, na yeye alijua kwa sababu huwezi kumficha mtu mnayelala naye kitanda kimoja tangu enzi za taa ya chemli. Wengine wote walidhani natembea polepole kwa sababu ya busara. Nilishaona hata vijana wanaonyeshana, "Mwone Mzee Gaudensi, mwendo wa mtu mwenye akili," nami nikawa navuta hatua vizuri zaidi, kumbe ningekimbia kitu kingedondoka.

Basi mwaka ule ikaanza kuuma. Nikaenda zahanati kwa siri siku ya gulio, watu wote wakiwa sokoni, na nesi akaitazama, akavua glovu, akaniambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka jasho linanitoka: "Babu, hii siku ikigoma kurudi, utumbo ukabanwa humo, kabla hatujakufikisha mjini tutakuwa tunachagua sanda. Kapasuliwe. Ni upasuaji mdogo, usiogope, lakini usichelewe." Nikamuuliza kama hakuna dawa ya kunywa. Akacheka. (Nesi wa siku hizi wanacheka sana, wa zamani walikuwa wanakufokea, na mimi nawapenda wale wa kufoka, ukifokewa unajua hali yako ikoje.)

Sasa ndiyo nikawa natafuta njia ya kupasuliwa bila kuuza ng'ombe na bila mtu kujua. Hapo ndipo akaja binti wa bima.

Alikuja Jumapili, baada ya misa ya pili, akaweka meza ya plastiki nje ya kanisa na mwavuli wenye jina la kampuni (jina silitaji, sitaki kesi), fulana ya kijani, sauti tamu, yaani angeweza kumuuzia padri rozari. Akasema wana bima ya afya ya muda mfupi, miezi mitatu tu, siyo lazima ujifunge mwaka mzima, unalipa mara moja kwa simu na unapata namba yako ya uanachama hapo hapo. Akaanza kuhesabu kwa vidole yanayolipiwa, malaria, homa ya matumbo, kuvunjika, kulazwa, upasuaji. Lilipotoka neno upasuaji mimi nikaacha kusikiliza. Yaliyofuata sikuyahitaji. Kichwani nilishapiga mahesabu yangu: ugonjwa wangu ni mmoja, kupasuliwa ni siku moja, miezi mitatu itanitosha na kubaki, mwaka mzima wa nini? Nikajiona mjanja kuliko walionunua ya mwaka. Nikasimama kwenye foleni.

Zamu yangu ikafika, binti akaniandika jina, umri, kijiji, halafu akauliza, tena kwa sauti ile ile tamu, "Mzee wangu, una ugonjwa wowote wa muda mrefu? Presha, sukari, pumu, ngiri, chochote?"

Ngiri aliitaja! Aliitaja kwa jina lake!

Na nyuma yangu, hatua moja, alikuwa amesimama Oliva.

Niwaeleze habari za Oliva kwanza. Oliva ni mkamwana wangu, mke wa Evarist, ni mwalimu pale shule ya msingi, mtoto wa watu waliotoka Njombe kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule chini. Evarist yuko Tanga kikazi, kwa hiyo Oliva ndiye tunayeishi naye kihambani, shamba letu la nyumbani, nyumba yake na yetu zinatazamana kupitia migomba. Ni mtu mzuri. Na kwetu sisi, baba mkwe hataji mbele ya mkamwana kitu chochote kilicho chini ya kitovu na juu ya goti. Mimi siafu wakiniuma pajani, mbele ya Oliva nasema wameniuma mguu. Ndivyo tulivyolelewa. (Na kulikuwa na sababu nyingine ya kumficha Oliva kuliko watu wote duniani, hiyo mtaisikia, maana dirishani niliisema mwenyewe kama mwendawazimu.)

Kwa hiyo nikatoa kifua mbele nikamwambia yule binti, "Mimi? Mimi mzima kama jiwe la mto Rau."

Watu wakacheka kwa kupendezwa. Binti akaweka alama yake kwenye fomu, akasema, "Hongera sana, baba, una afya ya kijana." Oliva nyuma akasema, "Kwa kweli baba Mungu amemjalia." Na mimi, mjinga, nikatabasamu.

Ujumbe ukaja kwenye simu, mrefu kama litania ya watakatifu wote. Nikasoma mwanzo, "Hongera," nikasoma mwisho, "vigezo na masharti kuzingatiwa," maneno ambayo redioni huwa wanayasema mbio kama mtu anayekimbia mbwa, na ya katikati nikawaachia waliofika sekondari. Kitu kimoja nilikielewa kwa sababu binti alikirudia mara mbili: siku thelathini za kwanza wanalipia ajali tu, magonjwa mpaka zipite. Hilo nikaliheshimu. Nikawa nakata siku kwenye kalenda ya parokia, nikikohoa kwa adabu, nikishika kinena, nikisubiri.

Siku zikapita. Nikamwambia mke wangu, kesho kutwa nashuka Moshi, nitapasuliwa, bima italipa, nitarudi, hakuna atakayejua. Mama Evarist akasema, "Utalazwa siku mbili na watu wasijue? Hapa? Uru?" Akawa amesema kweli, kwa sababu jioni ile ile jumuiya ilisali kwetu, na alipotakiwa kutoa nia, mke wangu akasema tumuombee baba Evarist anakwenda hospitali. Nilimtazama kwa jicho lile. Hakuniona, alikuwa amefumba macho.

Mwenyekiti wa jumuiya ni Mzee Sabasi, jirani yangu, mwenye kirikuu, kigari cha kubebea ndizi. Sabasi ni mtu wa kupenda ukweli mpaka unakuwa ugonjwa. Akauliza, "Tukuombee nini hasa, Gaudensi? Mungu anataka aambiwe wazi."

"Tumbo," nikasema.

"Tumbo la juu au la chini?"

"La katikati."

"La katikati lipi? Mimi katikati nina kitovu tu."

"Basi ombea kitovu, Sabasi!"

Wakaombea kitovu changu, jamani, rozari nzima. Tena haikuishia hapo, maana mtu wa kwetu hawezi kwenda kupasuliwa kama anakwenda dukani. Kesho yake wakachinja mbuzi, wakapika mtori wa ndizi na nyama wa kunipeleka nao, shangazi yangu aliyebaki, kizee cha kutembelea mikongojo miwili, akaletwa anitemee mate ya baraka kwenye kipaji cha uso, na asubuhi ya safari nilipotoka nje nikamkuta Sabasi amepasha kirikuu moto na nyuma wamejaa mama Evarist, kina mama watatu wa jumuiya na machupa yao ya chai yaliyojaa mtori, na Oliva. Shule zilikuwa zimefungwa. Alikuwa amevaa vizuri, amepakata chupa kubwa kuliko zote.

"Oliva mama, wewe baki upumzike," nikamwambia.

"Baba, Evarist hayupo, nani atasimama badala ya mtoto wako? Nakwenda."

Nikapanda mbele. Wakashuka mlima wakiimba.

Hospitali sitaitaja. Daktari alikuwa kijana mpole, akanipima faraghani, pazia limefungwa, akaniuliza ilianza lini. Mimi kuna watu wawili siwadanganyi, padri na daktari, maana wote wanaweza kukuzika. Nikamweleza yote, miaka tisa, ilianzaje, inauma saa ngapi, ikitoka inakuwa kama nini, nikamlinganishia na yai la bata, akaandika, akasema, "Sawa babu, hii lazima tufanye. Nenda dirisha la bima wakupe kibali, tukupangie kesho asubuhi." Nikatoka pale mwepesi. Nikawapungia mkono watu wangu kwenye mabenchi, nao wakanipungia, mmoja akaanza kunyoosha khanga tayari kwa wimbo wa shukrani.

Dirisha la bima sasa. Lilikuwa na kioo, na kwa kuwa kioo kinazuia sauti waliweka spika juu yake, ili ukiwa nje umsikie aliye ndani. Nia nzuri kabisa. Ila spika ile haikutazama kwa mgonjwa, ilitazama kwenye mabenchi, na mabenchi yalikuwa na watu kama sitini. Na mama aliyekuwa ndani, mwenye miwani, kwa lafudhi yake nikajua ni wa Kibosho, alikuwa anaongea taratibu kabisa kama mtu anayeongea na jirani yake, hajui kwamba huku nje anatangaza mnada.

"Shikamoo, Meku," spika ikasema, yaani mzee kwa Kichagga.

"Marahaba, mama."

Akasoma karatasi ya daktari. Akapiga simu kampuni. Akasikiliza muda. Akainua uso.

"Meku, hii henia daktari ameandika ina miaka tisa. Ndivyo, au kuna makosa?"

Henia! Nikasikia mabenchi yananyamaza. Mke wangu, ambaye alikuwa amesimama pembeni yangu, akanifinya mkono, na finyo ile nimeijua tangu tuko wachumba, maana yake ni nyamaza. Lakini mimi nilikuwa nimeudhika. Nimeudhika kwa sababu mbili, kwanza siri yangu imetoka juu ya vichwa vya watu sitini, pili naambiwa daktari wangu mpole amekosea.

"Hajakosea!" nikasema, na sikujua kwamba na upande wangu kulikuwa na kinasa sauti. "Yule ni mtu safi. Ni miaka tisa kamili, ilianza siku ya mahari ya mwanangu, nilipobeba pipa la mbege!"

"Meku, inatosha, nilitaka kujua tu..."

"Haitoshi! Uliuliza. Tulipeleka pipa la mbege kule chini kwa wakwe, tukalishusha mlima kwa gari wanaume wanne, halikutuumiza, tukafika, baba yake binti akatoka akasema bwana asifiwe, sisi tumeokoka, kitu hicho hakiingii humu. Hakiingii! Mbege, pombe ya mahari! Wenzangu wawili kwa hasira wakaondoka kwa miguu, ikabidi pipa limejaa hivyo hivyo nilipandishe garini mimi na Sabasi, na Sabasi yule pale muulizeni, alikuwa ameshika upande mwepesi. Hapo ndipo kitu kikateleza. Lilishuka salama. Lilinivunja likirudi!"

Nilipomwonyesha Sabasi kwa kidole ndipo nikageuka. Na nilipogeuka nikamwona Oliva.

Alikuwa amesimama na chupa yake kifuani. Hakucheka, hakulia, alinitazama tu. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia ya kumficha yeye kuliko wote. Miaka tisa nilikuwa namwogopa Oliva asije akajua kwamba uvimbe wangu una tarehe moja na mahari yake, akafikiri kila nikijishika namhesabia deni. Sikuwa namhesabia hata siku moja! Na sasa amesikia kwa spika.

Mtu mwenye akili angeondoka pale. Mimi aibu ilipozidi ikageuka hasira, nikarudi dirishani.

"Haya, kibali kiko wapi?"

"Meku, kampuni wamekataa." Yule mama aliona uso wangu, akanihurumia, akaweka simu yake karibu na kinasa sauti ili niongee na mtu wa kampuni mwenyewe. Alinihurumia vibaya, maana sasa mabenchi yalikuwa yanasikia pande zote tatu.

"Mzee wetu," simu ikasema, "kwenye fomu ulijibu huna ugonjwa wowote."

"Nilijibu hivyo kwa heshima."

"Kwa heshima ya nani?"

"Hayakuhusu!"

"Sawa mzee. Lakini hata ungejibu ndiyo, kifurushi hicho hakihusiki na ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga. Ni cha muda mfupi. Kinalipia yanayokupata ghafla ndani ya miezi mitatu. Hata upasuaji ni wa dharura, mtu umpasue ama afe. Yapo yote kwenye ujumbe tuliokutumia."

"Kwa hiyo aliye mzima mnamlipia na mgonjwa hammlipii?"

"Siyo hivyo, mzee..."

"Ndivyo ulivyosema! Wewe kijana, hebu nikuulize, nikija kwako ukaniuzia panga, halafu ukaniambia mzee, panga hili usikatie mgomba wowote uliokuwepo shambani siku ulipolinunua, ukatie mgomba utakaoota kesho, tena uote ghafla, tena ndani ya miezi mitatu, hilo ni panga au ni matusi?"

Mabenchi yakasema, "Matusi!" Nikapata nguvu.

"Mzee, kwa mfano, leo ukivunjika mguu tunalipa."

"Nivunjike?"

"Ni mfano."

"Yaani mnataka nitoke hapa nikagongwe na bodaboda ndiyo mnione ni mgonjwa?"

Jamaa mmoja kwenye benchi la nyuma akapaza sauti, "Babu, yangu iko hapo nje, tuelewane tu nikuguse taratibu!" Watu wakaangua kicheko, hata mama wa miwani alikuwa ameziba mdomo na karatasi ya daktari wangu.

"Mnadhani nadanganya!" nikasema. "Mnadhani hakuna kitu! Ngoja basi muone kama ni mfano." Mkono ukaenda kwenye mkanda. Nilikuwa nimeshaufungua, na Mungu shahidi yangu sijui ningefanya nini na kampuni iliyokuwa kwenye simu, isiyoona, mama Evarist aliponidaka kiuno kwa mikono miwili kama anakamata kuku, akanivuta nyuma, na Sabasi akaja kusaidia akinong'ona, "Gaudensi, tulikuombea kitovu, Gaudensi, ungetuambia!" Kana kwamba hilo ndilo lililomuuma.

Kina mama wa jumuiya hawakujua waimbe au wasiimbe. Wakafanya kile wanachokijua, wakafungua chupa, wakaanza kugawa mtori kwenye mabenchi. Watu nisiowajua, wa Mabogini, wa Chekereni, wa wapi sijui, wanakula mtori wa mbuzi wangu na kuniambia, "Pole na ngiri, babu," "Babu, mjomba wangu alikuwa nayo," "Babu, yako ni ya kulia au kushoto?" Nikakaa hapo nimeshika suruali.

Oliva akawa hayupo. Nikaona ameondoka kwa aibu, nikasema moyoni, basi, nimempoteza mkamwana kwa sababu ya pipa. Kumbe alikuwa dirishani. Nilimwona anaongea na yule mama kwa upole, akiwa ameinama chini ya spika karibu kabisa na kioo, hatukusikia hata neno (mwalimu ni mwalimu, mimi sikufikiria kuinama). Akarudi, akakaa karibu yangu. Kwa desturi yetu asingekaa benchi moja na mimi. Alikaa.

"Baba, ni lile pipa la nyumbani kwetu?"

"Ndiyo mama. Lakini sikudai kitu. Mahari yalikuwa mazuri."

"Baba yangu kabla hajafariki alilitaja. Alisema, wale wazee walikuja na mzigo mzito nikawageuza mlangoni hata maji sikuwapa. Alitaka aje kwenu aombe radhi, miguu ikakataa."

Mimi hapo nikafunga mkanda.

"Baba, bima yangu ya kazi inaandika wazazi. Na wakwe ni wazazi. Nafasi ya baba yangu iko wazi tangu alipofariki. Na ile haiulizi ugonjwa ulianza lini, kwa hiyo hakuna cha kuficha."

"Na ulikuwa unajua nafasi hiyo ipo siku zote hizi?" Nilikaribia kufoka tena, hasira ilikuwa inatafuta pa kutua. "Mbona hukusema?"

"Siku ile kanisani nilijipanga nyuma yako kwa ajili hiyo, nikuzuie usilipe. Nikasikia unamwambia dada mzima kama jiwe, watu wanakusifu. Nikaona nikikuambia mbele yao njoo nikuandike kwenye bima yangu inayopokea hata wagonjwa, nitakuvunjia heshima."

Jamani! Mimi naficha kwa heshima, yeye ananyamaza kwa heshima, tumeheshimiana mpaka nusura nizikwe.

Alihangaika na fomu zangu wiki kadhaa, picha, cheti cha kuzaliwa ambacho sikuwahi kuwa nacho na ilibidi padri aandike barua ya ubatizo, na wiki zile nililala chali kuliko nilivyowahi kulala maishani, nikikohoa nashika, nikipiga chafya nasali. Haikubanwa. Nikapasuliwa kwenye nafasi ya mzee yule yule aliyeligeuza pipa mlangoni, Mungu amweke pema, tumelipana. Wodini walikuja Uru nzima, na kila aliyeingia mlangoni alianza kwa sauti, "Mzee, ngiri inaendeleaje?"

Lakini hasira yangu na ile kampuni haijaisha, na sitaki iishe. Oliva alinisomea ule ujumbe wote mstari kwa mstari, na ninawaambia ili msiingie nilikoingia: bima ya muda mfupi inalipia yajayo, hailipii yaliyokuja, siku zinaanza kuhesabiwa ulipolipa, na ikiisha imeisha, na ukiinunua tena wanakuhesabu mgeni, hata ugonjwa ulioupata kwenye ile ya kwanza wanauita wa zamani. Wala hawakuficha, yote waliandika. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba sina hata pa kuwashtaki, mwongo kwenye shauri lile ni mimi.

Kwa hiyo nimeapa, mimi Gaudensi, sitaficha tena ugonjwa mbele ya mtu yeyote mwenye kalamu, awepo mkwe, awepo padri, awepo nani. Mke wangu anasema nimepitiliza, eti harusi ya juzi nilimweleza bwana harusi mambo ya kibofu hajaniuliza.

Na miezi mitatu ilipotimia simu ikalia. Sauti tamu ile ile, "Baba, shikamoo, kifurushi chako kimefika mwisho, naomba nikuhuishie kingine cha miezi mitatu. Bado uko mzima, baba, au kuna tatizo lolote la kiafya?"

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikavuta kigoda nikakaa. "Una kalamu? Andika. Nianze na meno, mawili ya nyuma kulia yaliondoka mwaka wa njaa. Jicho la kushoto lina ukungu. Sikio la upande huo huo linavuma kama kinu. Bega, hilo nililiumiza kwenye kahawa, ngoja nikueleze vizuri ilikuwaje..."

Nilipofika mgongoni alikata simu. Nikampigia mimi.